Kasri la St. Moritz siku saba ni nyingi dada, chukua tatu

Swali: "Salaam aleikum kaka. Nipo Dar, Mbezi Beach. Mwakani 2027 mimi na mume wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa, tunataka kwenda Uswisi kuski, tumeona zile hoteli za St. Moritz kama kasri. Tutakuwa watano, sisi wawili, watoto wa miaka 12 na 9, na mama mkwe ana miaka 68 na ana presha. Hatujawahi kuski hata siku moja. Tiketi za ndege tunazo pembeni, mbali na hizo tuna kama dola 18,000. Tulale siku saba hoteli ya nyota tano au ni kutupa hela? Twende lini? Na chakula chetu Waislamu kule kikoje? Halafu mume wangu anauliza kama watu weusi tutashangaliwa."

Waaleikum salaam dada yangu, na hongereni kwa miaka 15. Mimi nimekaa hoteli za kule Engadin, bonde lenye St. Moritz, misimu 11 ya baridi, nilianza na kubeba mabegi nikaishia mapokezi, sasa hivi napangia watu safari, kwa hiyo nitakujibu kama ningekuwa namjibu dada yangu wa tumbo moja, bila kukuremba.

Tuanze na hela maana ndo inaamua mengine yote. Dola 18,000 kwa sasa ni kama faranga elfu 14 na kitu, inategemea umebadili siku gani. Hoteli za kiwango unachokiona kwenye picha, chumba cha watu wawili msimu wa baridi ni kawaida kukikuta faranga 1,000 kwa usiku, na hapo si Krismasi. Nyie mko watano, mnahitaji vyumba viwili, ikiwezekana vile vyenye mlango wa ndani wa kupitia kwa watoto. Weka faranga 2,000 kwa usiku, zidisha mara saba, tayari 14,000, hela imeisha na hakuna hata mmoja wenu aliyevaa buti.

Lakini hata kama ungekuwa nazo mara mbili bado ningekwambia usilale siku saba. Sikiliza kwa nini. Mtu anayejifunza kuski, siku tatu za mwanzo hana maisha. Anaamka saa moja asubuhi, anahangaika na buti, saa nne yuko kwa mwalimu, anaanguka, anainuka, anaanguka tena, saa nane mchana mapaja yanatetemeka, saa kumi lifti zinafungwa anarudi hotelini anatembea kama aliyetoka leba, anakula, saa mbili usiku analala fofofo na taa imewaka. Nimewaona hao kwa miaka, wamelipa chumba chenye roshani inayoangalia ziwa na pazia hawajalifungua. Unamlipa mwenye kasri faranga 2,000 ili mkorome.

Kwa hiyo mimi huwa nashauri hivi, na wenye hoteli hawapendi nikisema: anzeni na hoteli ya kawaida safi, nyota tatu au nne, usiku nne, kijiji cha jirani kama Pontresina au Celerina ambako St. Moritz ni dakika chache tu kwa treni au basi, jifunzeni, umieni, laleni. Halafu siku ya tano asubuhi fungeni mabegi mhamie kwenye kasri usiku tatu za mwisho. Hapo mwili unataka maji ya moto na kusingwa, watoto wanajua kuteleza wenyewe, na nyie wawili mna nguvu ya kuvaa mkae chini kwenye chakula cha usiku mfurahie miaka yenu 15. Kasri lile lile, lakini sasa mnalitumia.

Na si kwamba naikosea heshima hoteli. Ukijua historia yake utaona zile hoteli hazikujengwa kwa ajili ya watu wa kuski kabisa. Hadithi inayosimuliwa pale ni ya Johannes Badrutt, mwenye Kulm Hotel, mwaka 1864. Waingereza walikuwa wanakuja kiangazi tu, yeye akawaambia njooni wakati wa baridi, juani mtakaa na shati, kama nimewadanganya nauli yenu nalipa mimi. Wakaja Krismasi wakaondoka Pasaka wamebabuka na jua. Kasri lenyewe la Badrutt's Palace likafunguliwa 1896, na treni ya kupandisha watu mlimani Corviglia imekuja 1928, mwaka ule ule mji ulipoandaa Olimpiki yake ya kwanza ya baridi (ya pili ikawa 1948). Yaani miaka zaidi ya 30 matajiri walikuwa wanalipa kukaa juani, kuteleza na viatu vya barafu ziwani na kuangaliana nani kavaa nini. Mpaka leo wageni wengi wa kwenye zile hoteli hawaski, au wanaski saa mbili wanarudi kula. Ndo maana nakwambia zile ni siku za mwisho, siku za kukaa.

Sasa lini. Krismasi hadi mwaka mpya futa kabisa, bei zinapaa na hoteli nyingi haziuzi chini ya wiki nzima. Katikati ya Januari ndo bei zinashuka, wenyewe Wajerumani wanaita Januarloch, shimo la Januari, sisi tuseme tu Wazungu nao wana njaa yao ya Januari. Tatizo ni baridi, Engadin bonde liko juu na usiku wa Januari baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri si habari, na mama mkwe unaye. Februari ndo shule za Ulaya zinafunga kwa zamu, na Jumapili za Februari kuna mbio za farasi juu ya ziwa lililoganda, White Turf, zipo tangu 1907, raha sana kutazama ila vyumba havishikiki. Na zaidi ya hapo mwaka 2027 Ramadhani inategemewa kuanza kama tarehe 8 Februari, kuski umefunga sikushauri, kiu ya kule juu ni mbaya.

Sasa angalia kalenda vizuri hapa. Idi inategemewa karibu na tarehe 10 Machi kutegemea mwezi. Jumapili ya pili ya Machi, tarehe 14, ni Engadin Skimarathon, wale wa kuski za kutembea kilomita 42, wanakuja zaidi ya watu elfu kumi, bonde lote limejaa. Pasaka ni tarehe 28 bei zinapanda tena. Katikati hapo kuna upenyo. Jumatatu tarehe 15 mpaka Jumatatu tarehe 22 Machi, Idi mmeshakula nyumbani, wakimbiaji wameondoka, wa Pasaka hawajaja. Jua linakaa muda mrefu, theluji ya huko juu bado nzuri, mchana mnaweza kukaa nje mkanywa chokoleti ya moto bila kutetemeka. Shule za watoto mtamalizana nazo wenyewe, hilo siliwezi.

Kabla sijasahau, njiani kama mnapitia Dubai, laleni usiku mmoja mwende Ski Dubai ndani ya Mall of the Emirates. Msicheke. Ipo tangu 2005, njia yake ndefu ina mita 400, nguo wanakupa wenyewe, mnachukua somo moja la mwanzo mnajua buti la ski likoje mguuni na kuanguka kukoje. Nimepokea familia mbili zilizofanya hivyo na siku yao ya kwanza Uswisi ilikuwa siku ya pili, unanielewa. Na kama mtu mmoja atagundua hataki kabisa kuski, bora agundue Dubai kuliko pale ambapo umeshamlipia kila kitu.

Mwalimu sasa. Hapa ndo usifanye ubahili hata kidogo, bora ukate usiku mmoja wa kasri uongeze mwalimu. Nyie wawili chukueni mwalimu wa peke yenu nusu siku kwa siku tatu nne, siku nzima ni kama faranga 500 na zaidi lakini nusu siku inatosha, mchana miguu haifundishiki tena. Watoto wapelekeni darasa la kundi, watoto wanajifunza kwa kuigana, na wataingizwa kwenye ile lugha yao ya pizza na chipsi: ukitaka kusimama unafanya ski zako pizza, ncha zikutane mbele nyuma zipanuke, ukitaka kwenda unafanya chipsi, zikae sambamba. Mtakapofika siku ya tatu yule wa miaka 9 atawapita huku anapiga kelele "mama pizza! mama pizza!", jiandaeni kisaikolojia.

Siku ya kwanza msitegemee mlima. Mtajifunza kutembea na buti, kuteleza na mguu mmoja kwenye tambarare, kusimama, halafu mtapanda zulia linalotembea, ule mkanda kama wa mabegi airport ila unabeba watu. St. Moritz wanaoanza wanapelekwa sana Salastrains, pako juu kidogo ya mji, pana jua na ni tambarare ya kutosha. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili msinunue pasi ya lifti ya milima yote, hiyo ni hasara ninayoiona kila mwaka, watu wananunua pasi ya wiki faranga mia kadhaa kila mmoja halafu wanashinda kwenye zulia. Uliza shule ya ski tiketi ipi ndogo inatosha. Mkianza kupanda juu, pasi ya siku ni kama faranga 80 mpaka 100 na ushee, bei inabadilika kama tiketi ya ndege, ukinunua mapema mtandaoni unapata nafuu, na baadhi ya hoteli za bonde lile zinauza pasi kwa bei ya chini kwa wanaolala zaidi ya usiku mmoja, uliza kabla ya kubuki.

Njia zina rangi. Uswisi bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi usiiangalie hata kwa picha. Mkimaliza safari mnashuka bluu kwa raha mmefaulu. Na sheria moja ya mlimani kubwa kuliko zote: aliye mbele yako ndo mwenye haki, wewe wa nyuma ndo unamkwepa, hata kama amesimama kizembe.

Vifaa kodini, msinunue. Ski, fimbo, buti, helmeti, duka lolote la pale wanakodisha na mkimaliza mnaacha kwenye chumba cha ski hotelini, chumba chenye mirija ya hewa ya moto inakausha buti usiku, kwenye kasri kuna kijana kabisa wa kukuvalisha. Sasa dukani watakuuliza uzito wako. DADA SEMA UKWELI. Na mwambie shemeji naye aseme ukweli, maana wanaume ndo wabaya zaidi, wanajipunguzia uzito na wanajiongezea ujuzi. Ule uzito, urefu, umri na kiwango chako ndo vinatumika kukaza kile kifungo kinachoshika buti kwenye ski, kazi yake ni kuachia ukianguka. Ukidanganya kikakazwa vibaya hakiachii, mguu unabaki umefungwa kwenye ubao wa mita moja na nusu mwili unazunguka, goti kwisha. Ukikiona kinaachia hovyo hovyo kila dakika, rudi dukani pia, ni bure.

Buti nalo: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma vipate nafasi. Likiwa raha kama raba ujue ni kubwa. Na soksi ni MOJA, nyembamba, ndefu mpaka chini ya goti. Watu wetu wanavaa soksi tatu wakidhani ni joto, damu haipiti, miguu inaganda na maumivu unayasikia mpaka kichwani.

Nguo ni ngazi tatu, ya ndani ya kubana ya sufu laini au ya kukausha jasho, ya kati fulana nzito ya manyoya ya plastiki, ya juu koti na suruali visivyopitisha maji. Pamba na jinsi hapana, zikilowa zinaganda. Na msikimbilie kununua Ulaya kwa bei ya ajabu, nenda Karume kwenye mitumba, sisemi utani, makoti ya ski yamejaa kule, yale ambayo bodaboda wanavaa asubuhi, mengine bado yana ile kadi ya lifti inaning'inia kwenye zipu, mimi koti langu la kwanza la msimu nilitoka nalo Ilala kwa bei ya chipsi kuku, likarudi kwao. Angalia tu zipu nzima na halijafuliwa mpaka likafa. Suruali ni adimu kidogo, mkikosa maduka ya kule yanakodisha. Glovu chukua zile za kidole gumba peke yake, vidole vinne vikikaa pamoja vinapeana joto. Hijabu haina shida yoyote, helmeti inakaa juu ya hijabu nyembamba ya michezo, na kwanza kwenye theluji kila mtu kajifunika mpaka pua. Kama umesuka, suka za kulala chini, rasta nene za juu helmeti haifungi.

Jua. Hili ndo watu weusi tunalidharau. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya jua inaongezeka kama asilimia 10, na theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile mionzi usoni kwako, unapigwa toka juu na toka chini, hadi ndani ya pua. Tunaungua ndugu zangu, hatuwi wekundu tu lakini tunaungua, na macho yanaweza kuvimba ukalia usiku kucha kama umetiwa pilipili. Krimu ya jua, mafuta ya midomo, miwani, kila mtu mpaka bibi aliyekaa kwenye kiti.

Sasa bi mkubwa. St. Moritz iko mita 1,800 na kidogo, ambayo ukitaka kujua ni sawa na Nairobi tu. Kwa hiyo kama alishawahi kukaa Nairobi wiki bila tabu, kijijini pale hatapata tabu ya hewa, ila baridi inabana mishipa na presha inajua hilo, aende kwa daktari wake kabla, na dawa ziwe kwenye begi la mkononi na barua. Kilele cha Piz Nair ni mita 3,057, Corvatsch kituo cha juu ni 3,303, huko msimpeleke siku ya kwanza wala ya pili, na nyie wenyewe pia tulieni mnatoka usawa wa bahari. Maji mengi.

Na asikae ndani akiwasubiri, kwake pale pana raha kuliko nyie. Pontresina kuna mkokoteni wa farasi unaingia bonde la Roseg, mnafunikwa mablanketi, kengele zinalia, mnakwenda taratibu mpaka kwenye mgahawa mwisho wa bonde. Kuna treni ya mteremko ya Muottas Muragl, ya toka 1907, inakupandisha mpaka mita 2,456 unaona maziwa yote chini, mpandisheni siku ya tano au sita kama daktari karuhusu. Na kubwa kuliko yote, treni nyekundu ya Bernina kwenda Tirano, Italia, inapanda mpaka mita 2,253 bila reli ya meno ya kushikia, halafu inateremka inazunguka kwenye daraja la duara pale Brusio kama nyoka anayejifunga fundo, asubuhi uko kwenye theluji mchana unakula tambi kwenye jua. Viza ni hiyo hiyo ya Schengen. Mama yangu mwenyewe alipokuja hakutaka kitu kingine, alipanda mara mbili, ya pili akakaa upande wa pili wa behewa aone alichokosa.

Hata kufika kwenyewe ni sehemu ya safari. Toka Zurich ni treni, unabadilisha Chur, jumla kama saa tatu na kidogo, na kipande cha Albula kinapita daraja la Landwasser, mita 65 juu ya mto, halafu linaingia moja kwa moja kwenye tundu la mwamba. Njia hiyo na ya Bernina zote UNESCO waliziweka kwenye urithi wa dunia 2008. Msikodi gari, theluji hamuijui. Chukueni Swiss Travel Pass, tiketi moja ya treni na mabasi ya nchi nzima, watoto wa miaka 6 mpaka 15 wakiwa na mzazi wanapanda bure kwa kadi ya familia.

Chakula. Uswisi kuchinja mnyama bila kumzimisha kwanza kumepigwa marufuku tangu 1893, kwa hiyo nyama ya halali nyingi inatoka nje, haipo kila bucha. Kasri mkiandika barua wiki mbili tatu kabla wanaagiza, wamezoea wageni wa Ghuba, wakisema ndiyo waulize nyama inatoka wapi, msione aibu. Hoteli ya nyota tatu msitegemee, kuleni samaki na mboga. Mitego sasa: supu ya shayiri ya Graubünden inaonekana ya mboga, mara nyingi ina vipande vya nguruwe ndani. Viazi vya rösti vinaweza kuja na nguruwe juu. Fondue, ile sufuria ya jibini ambayo kila mtu atawaambia lazima muonje, inapikwa na mvinyo mweupe, na wengine wanamalizia na pombe kali ya cheri. Badala yake kuleni raclette, jibini linayeyushwa peke yake linamwagwa juu ya viazi, mwambie tu mhudumu asiwaletee vile vinyama pembeni. Keki ya walnut ya Engadin haina neno, beba mbili urudi nazo.

Halafu SPA. Nakuomba soma hapa mara mbili. Nchi zile zinazoongea Kijerumani, kwenye sauna watu wanaingia UCHI, na mara nyingi wanaume kwa wanawake pamoja, na kwao si uhuni wala nini, ukiingia na nguo ya kuogelea ndo wanaokuona mchafu. Hoteli moja niliyofanya kazi nilimpeleka mzee wa watu, mgeni wa heshima na kanzu yake, nikamfungulia mlango nikamwambia karibu, sikukumbuka kumwambia. Akatoka kwa kasi ambayo mpaka leo sijaiona kwa mtu wa umri ule, hakuniangalia usoni mpaka siku ya kuondoka. Basi ulizeni mapema: kuna saa za wanawake peke yao? Kuna chumba cha spa cha kukodi familia? Bwawa la kuogelea lenyewe watu wanavaa, hilo halina wasiwasi.

Viza ombeni mapema, mnaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla na mwisho ni siku 15 kabla, lakini msisubiri huko. Ada ni euro 90 mtu mzima na 45 kwa watoto wa miaka 6 mpaka 11, kwa hiyo huyo wa miaka 12 ni mtu mzima, pole. Bima ya viza inatakiwa ifike euro 30,000, SAWA, ila bima nyingi za viza ukisoma ndani haziingizi michezo ya theluji. Ukivunjika mguu kwenye mteremko wanakwambia hiyo ulijitakia. Nunua yenye kuandikwa kabisa kuski na kuokolewa mlimani, maana kubebwa na helikopta si mchezo, ni maelfu. Helikopta za uokoaji za kule ni Rega, namba yao 1414, iwekeni kwenye simu.

Ndani ya kasri: huduma iko kwenye bei, hakuna kulazimishana tip, ila aliyebeba mabegi mpe faranga 5 au 10, na mwalimu wenu siku ya mwisho mfikirieni. Maji ya chupa mezani yatakushangaza, maji ya bomba ni ya mlimani, ombeni hayo. Jioni baada ya saa moja hoteli kongwe zinataka watu wamevaa, shemeji abebe koti la suti, wewe gauni lolote zuri la harusi za Dar utawafunika wote. Na ukibuki omba chumba upande wa kijiji badala ya ziwani, bei inashuka na kasri ni lile lile, ziwa mtaliona ukumbini bure mkinywa chai. Waambie pia kwamba ni miaka 15 ya ndoa, waandikie mapema, si mnapofika.

Shemeji mwambie kuangaliwa mtaangaliwa kidogo, vijijini zaidi kuliko hotelini. Wengine watawauliza kama mnatoka Marekani. Wafanyakazi wa hoteli wenyewe ni wa kila taifa, mtajisikia nyumbani kwao haraka. Na kama kuna anayesema theluji si ya kwetu, mkumbushe Philip Boit, Mkenya, Nagano 1998, alimaliza wa mwisho kilomita 10 na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari kumkumbatia. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, 2018 kule PyeongChang ameshuka mlima kwa bendera ya Kenya. Pale mitaani salamu yao ni "Allegra", msalimieni mtu hivyo kwanza, uso wake unabadilika.

Hesabu ya haraka basi: usiku nne Pontresina vyumba viwili na chakula cha usiku ndani, kama faranga 2,800. Kasri usiku tatu, 6,000. Mwalimu wenu 1,000, watoto 800, vifaa 600, lifti 500, treni 700. Jumla 12,400, unabaki na kama 2,000 ya kula, mkokoteni wa farasi na keki. Bei hizi ni za kukadiria kutokana na nilivyozoea kuziona, chukua bei ya siku yenyewe kabla hujalipa, na buki zile zinazoruhusu kufuta mpaka viza itoke.

Niandikie mkishapata tarehe, na unitumie urefu wa nyayo za watoto kwa sentimita, buti za ski zinapimwa hivyo, nitawaambia saizi kabla hamjafika dukani.